Chokaa ya Ukuta wa Nyuma

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata jirani yangu Fidélie, hapa hapa Kapata, na ile sehemu niliyoiona kwa macho yangu niliiona mchana, jua likiwa juu ya kichwa, bila tone la pombe. Natanguliza hilo kwa sababu nawajua watu wa Kolwezi. Ukiwaambia habari za usiku wa manane wanacheka. Ukiwaambia ilikuwa saa ya kula bukari, ugali wetu wa mchana, wanazima redio.

Fidélie anazeesha vitu. Hiyo ndiyo kazi yake, na anaifanya barazani, mbele ya nyumba ya kampuni iliyofanana na nyumba zote za mstari wetu kama meno ya kitana. Unampelekea kigoda kilichotoka kwa seremala jana. Anakipiga msasa, anakipaka gundi, kisha anakifunika kwa uji mzito wa chokaa na mpemba, ule udongo mweupe ambao bibi zetu walimpaka mtoto akizaliwa na mjane akitoka matangani. Uji ukianza kushika, anaukwaruza, anaubandika kitambaa na kukibandua, anauachia nyufa. Hapo anachora: mwanamke na mtungi, ndege, mkono wa mtakatifu asiye na mwili. Nyekundu anaitoa katika udongo wa barabara, kijani katika vumbi la malakiti, lile jiwe la shaba. Rangi anaitia maji mpaka iwe nyepesi kama chai ya mwisho wa mwezi. Mwishowe anaisugua picha hadi nusu yake ipotee, anapaka nta, na kigoda cha jana kinaonekana kama kimebanduliwa katika ukuta wa kanisa la kale, huko makanisa yalikoanzia.

Picha za kweli za namna hiyo huchorwa ukutani, chokaa ikiwa mbichi, zikakauka pamoja nayo na kukaa karne kadhaa. Za Fidélie ni za uongo, naye hafichi. Alifundishwa uongo huo na masista, ambao walikuwa wakitengeneza kapela yao na hawakuwa na pesa za ukweli. Wateja hawajali. Mtu ambaye babu yake alikalia jiwe sasa anataka kigoda chenye umri wa miaka mia tano, na anakitaka kabla ya Jumamosi.

Ana sharti moja tu. Kila mteja alete konzi ya chokaa iliyokwaruzwa katika ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Fidélie anaitwanga na kuichanganya katika uji, ili kitu kifanane na ukuta kitakaosimama kando yake. Kigoda kisichoujua ukuta wa nyumba, husema, kitabaki mgeni siku zote. Wateja hupenda sana sharti hilo. Huwafanya waone wamepata kitu ambacho jirani hawezi kununua.

Ndani ya nyumba ya Fidélie mlikuwa na ugonjwa usio na daktari: mdogo wake, Mignonne, hakuwepo.

Mignonne alikuwa akifanya kazi mjini, kwa Tata Nkongolo. Alimpikia, akamfulia, akalala nyuma ya nyumba katika boyeri, kile chumba ambacho Wazungu wa zamani walimjengea mpishi wao. Nkongolo alikuwa mkuu wa biro ya hali ya raia katika komini moja ya mji ambayo sitaitaja, maana komini zote zinafanana na hakuna itakayonishukuru. Ni yeye aliyetia sahihi kwamba umezaliwa, umeoa, umekufa. Kabla ya sahihi yake ulikuwa uvumi tu.

Jumapili moja Mignonne alikuja nyumbani akishika tumbo lililoanza kutokeza na kucheka. Alisema mukubwa wake wa kazi atakuja kujitambulisha kwa familia. Jioni akarudi kazini. Hakuonekana tena.

Nkongolo alieleza, bila kuulizwa mara mbili, kwamba msichana aliaga kwenda Dilolo kuuza vitenge upande wa Angola, na kwamba yeye mwenyewe alimwona akipanda lori. Fidélie alikwenda Dilolo. Aliuliza sokoni, aliuliza stesheni, aliuliza mpakani. Hakuna aliyewahi kumwona. Akarudi Kolwezi, akaenda biro, na huko akafundishwa sheria. Kifo hakiandikwi bila maiti. Kupotea nako hakuandikwi, kwa kuwa shahidi mwenye heshima alimwona mhusika akisafiri. Shahidi huyo alikuwa Nkongolo. Na mtu wa kupima heshima ya shahidi, kwa mujibu wa kazi, alikuwa Nkongolo.

Mlangoni pake palikuwa na utaratibu. Unagonga mara moja, kwa adabu, kisha unangoja. Aliyegonga tena alirudishwa mwisho wa foleni. Ukiingia, unasikilizwa vizuri sana, na mwishoni unaambiwa neno moja ambalo mji mzima ulilijua: "Mukuye kesho." Njooni kesho. Fidélie alikwenda kesho nyingi.

Mama yao, Mama Josée, hakwenda popote. Matanga hayakaliwi bila maiti, kwa hiyo hakuweza kuomboleza, na kwa kuwa hakuomboleza, hakuweza kumaliza kuomboleza. Alikaa juu ya mkeka wake, nywele hazijanyolewa, miguu ikivimba kila juma zaidi. Daktari alimwambia Fidélie ampeleke nyumbani ampe anachopenda kula. Nilipomtembelea alinishika mkono akasema taratibu, kama mtu anayekumbushia jambo dogo: "Tata Kisimba, mi siwezi kufa na mutoto yangu iko inje."

Basi hivyo ndivyo tulivyokuwa, siku Huguette alipokuja.

Alishuka garini akiwa amevaa viatu ambavyo havijawahi kukutana na vumbi la Kapata. Mzaliwa wa Lubumbashi, mrembo, mwenye adabu, ameolewa majuzi. Alikuwa ameona kasha la Fidélie kwa rafiki yake. Mumewe atavishwa nishani, alisema, nishani ya uadilifu, na yeye anataka kumshangaza: kigoda, kimeza, na kasha la kuwekea nishani yenyewe. Kisha akalitaja jina la mumewe kwa fahari: Nkongolo. Nilikuwa hapo, nimekuja kuazima nyundo. Mwiko wa Fidélie haukusimama. Uliendelea kulainisha ubao uleule, mahali palepale, mpaka ubao ukawa wazi.

Aliniambia baadaye kwamba hakuwaza kulipiza, si wakati huo. Alitaka kupata njia ya kuingia katika ile nyumba na kutazama kwa macho.

Akamwuliza mgeni, kwa sauti ya kazi, kama ameleta chokaa. Huguette alikuwa ameleta, rafiki yake alikwisha kumwambia. Ilikuwa katika mfuko wa plastiki, nyeupe, safi. Ukumbi wao, alieleza, umepakwa rangi ya mafuta, haukwaruziki. Alizunguka nyumba nzima na kisu cha jikoni mpaka akafika boyeri, ambako kuna ukuta mmoja mpya.

"Bwana yangu mwenyewe njo aliupaka," alisema, akitabasamu. "Na mikono yake. Hata batu ya kazi alibakataza."

Mtu ambaye hata kalamu yake ilibebwa na mlinzi, na hapa akawakataza vibarua akashika mwiko mwenyewe.

Fidélie aliupokea mfuko kwa mikono miwili, kama inavyopokelewa zawadi. Nilimwona akiupima uzito. Huguette alipoondoka, alikaa nao mapajani mpaka kivuli cha nyumba kikahama.

Alianza na kigoda. Aliitwanga ile chokaa, akaichanganya na mpemba, akapaka, akachora ndege. Ulikuwa msimu wa kiangazi. Nguo zilikauka kambani kabla hujafika mwisho wa kuanika. Uji ule haukukauka. Asubuhi ndege alikuwa amezama. Mahali pake palikuwa na kisigino.

Fidélie alidhani ubao ulikuwa na doa. Alisugua kwa msasa, akapaka upya, akachora upya. Kisigino kilirudi, na safari hii kilikuwa na kifundo.

Kwenye kimeza alichora mtungi. Ukatokea mgongo, na juu ya mgongo misuko miwili iliyofungwa mwishoni kwa uzi.

Kwenye kasha hakuchora kitu. Alipaka uji mtupu juu ya kifuniko, akaliweka juani, akaenda kumpa mama yake dawa. Aliporudi alisimama kidogo. Kisha akaja kwangu, hakubisha hodi, akasema nije.

Nilitazama. Ulikuwa mkono, kiganja wazi, wa rangi nyekundu nyepesi ya udongo. Ulikuwa umezeeka vizuri, umefifia pembeni, kama kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Kwenye kifundo cha mkono palikuwa na alama ya pembetatu.

Alama ile naijua. Kila mtu wa mstari wetu anaijua. Ni ncha ya pasi ya makaa, waliyoinyang'anyana Mignonne na dada yake siku ya Pasaka, wakiwa wadogo.

Niligusa pembeni ya kifuniko. Kilikuwa kibichi. Kilinukia mafuta ya nywele.

Nilisema lile ambalo msomaji wa magazeti husema: twende polisi. Fidélie hakunikasirikia.

"Na batalomba nini, tata? Attestation, cheti ya ndoto?" Akafuta mikono. "Na kashe ya komini juu yake. Kashe ya nani?" Mhuri wa komini ulikuwa mezani kwa Nkongolo.

Tulipogeuka kutazama tena, vidole vilikuwa vimetanuka. Vilikuwa bapa, vyeupe kwenye ncha. Kama mtu anayesukuma kioo kutoka upande wa pili.

Mama Josée alitoka nje mwenyewe. Sijui alisikia nini. Hatukuwa tumepaza sauti. Alijiburuta kwa makalio mpaka barazani, akaegemea nguzo, akanyoosha mkono wake uliovimba, akauweka juu ya ule mkono. Kiganja kwa kiganja. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Iko baridi," akasema.

Fidélie aliulizia msasa ulipo. Mama yake akatikisa kichwa.

"Usimufute. Umumalize."

Kisha akaomba mpemba. Fidélie akampa kipande. Kizee alikitia mdomoni, akakitafuna polepole kama mtu mwenye meno, akapuliza juu ya kifuniko. Mpemba ni kitu cha baraka kwetu. Hupuliziwa mtoto anayesafiri, bibi harusi, mtu aliyeponea mauti. Sijawahi kuuona ukipulizwa kwa uso kama ule. Alimwita Nkongolo kwa jina lake tupu, bila tata, bila mukubwa.

"Nkongolo. Ulisema bila maiti hakuna kufa." Akapuliza tena. "Basi na weye usikufe."

Akaomba arudishwe ndani. Alikula siku ile. Kidogo, lakini alikula.

Fidélie alifanya kazi juma zima, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba jirani yangu si mtu wa kusamehe. Hakusugua chochote. Kila asubuhi alitazama kilichojitokeza, akakitia rangi, akakiwekea kivuli, kwa uangalifu, kama anavyosukwa mtoto anayepelekwa mbele za watu. Kifuniko kilipokamilika kilionyesha msichana ameketi chini, magoti yamekunjwa kifuani, paji la uso juu ya magoti. Hukuona sura. Fidélie alisema sura bado. Alilifunika kasha kwa kitambaa cheupe, akalifunga.

Aliyetuchukulia mzigo alikuwa Amadi, mwenye pikipiki ya magurudumu matatu. Watu wa kwao wametoka Maniema, wachukuzi tangu babu. Mtu wa swala, haogopi barabara wala askari. Kigoda na kimeza alivipakia kwa mkono mmoja. Kasha, ambalo lingetosha jozi ya viatu, alilibeba kwa mikono miwili na kuguna.

Tulipopanda tuta la kwanza, kasha liligonga. Nilifikiri ni kifuniko. Tukapita mahali tambarare. Likagonga tena. Amadi akapunguza mwendo.

"Tata Kisimba. Mu hii kasha muko nini?"

Nikamjibu kwamba hakuna kitu.

"Haya." Aliendesha kidogo. "Na hicho hakuna-kitu, kinaomba kutoka?"

Tukafika kwa Nkongolo. Alishusha mzigo, akakataa nauli, akanawa mikono kwenye bomba la bustani, mpaka viwiko.

Ilikuwa siku ya nishani, na nyuma ya nyumba ya Nkongolo palikuwa pametandazwa hema la plastiki na viti vya kukodi. Wakubwa walikuwa wamekaa kwa mpangilio wa vyeo, na wale ambao vyeo vyao havikueleweka walikuwa wamesimama. Hotuba ya kwanza ilimshukuru mtoa hotuba ya pili. Ya pili ilimshukuru wa kwanza kwa shukrani zake. Ilisemwa kwamba katika miaka yote ya utumishi wake, hakuna mtu aliyezaliwa wala kufa katika komini ile kinyume cha utaratibu. Watu walipiga makofi. Boyeri ilikuwa pale, hatua chache nyuma ya meza ya vinywaji, mlango umefungwa kwa kufuli.

Nkongolo alikuwa mtu wa kupendeza, hilo lisemwe. Mrefu, suti ya kijivu, sauti ya kinanda. Alipomwona Fidélie akija na kasha nyuma ya Huguette, alishtuka kidogo tu, kama anayekanyaga kijiti.

"Mama Fidélie," akasema kwa upole. "Hata hapa? Hapa haina biro."

"Minajua, mukubwa. Leo ni miye njo minaleta."

Huguette alikuwa akicheka kwa furaha. Alikiondoa kitambaa mbele ya watu wote.

Walisema *aaa*. Ilistahili. Lakini mimi nilikuwa nimeiona picha ile asubuhi, na asubuhi msichana alikuwa ameinamia magoti.

Sasa alikuwa ameinua kichwa.

Wageni walipitisha maneno kuhusu ufundi, kuhusu makanisa ya kale. Bwana mmoja aliuliza ni mtakatifu gani. Huguette alimpa mumewe ile nishani, akamwonyesha kwa ishara: weka. Wote walikuwa wakitazama. Hakukuwa na namna. Nkongolo aliweka vidole juu ya kifuniko, akakiinua, akaiweka nishani ndani, akafunga.

Vidole vilibaki vyeupe.

Alivifuta kwa leso. Vikabaki vyeupe. Akasugua kwenye suruali, chini ya meza, mtu asione. Weupe ulikuwa umepanda mpaka kwenye pete. Ilikuwa inakauka, chokaa ile ambayo kwetu haikukauka juma zima. Ilikauka juu yake kwa haraka. Nilimwona akijaribu kukunja kidole. Kilikataa.

Fidélie aliinama kama mtu anayepokea maagizo. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Mulisemaka bila maiti hakuna kufa. Iko wapi?"

Nkongolo alikuwa akitazama kifuniko. Uso wa msichana ulikuwa umekwisha kujitokeza wote. Macho yalikuwa wazi. Mdomo pia.

Kasha likagonga. Mara moja. Kwa adabu.

"Munasikia?" Nkongolo akanong'ona. Jasho lilikuwa likimtoka, nalo lilikuwa jeupe. "Anagonga. Hata mu biro minamusikia. Hata mu kanisa."

"Nani, mukubwa?"

"Nilifikiri alishakufa. Nikafunga ukuta. Kisha akaanza kugonga." Alimeza mate. "Mi nilimuambia. Nilimuambia kesho."

Fidélie alijiweka sawa, akapiga hatua moja pembeni. Akampisha njia.

Nkongolo alisimama. Alichukua kasha kwapani, kama alivyochukua mafaili yake kila siku, akawaomba radhi wageni, akaenda boyeri. Alifungua kufuli kwa ule mkono uliobaki. Akaingia. Tukasikia komeo.

Mtu alianza hotuba ya tatu.

Kisha mvua. Katikati ya kiangazi, jua likiwaka, mvua nyembamba nyeupe, juu ya bati la boyeri tu. Wageni chini ya hema walitazamana. Hakuna aliyelowa.

Halafu tukasikia sauti. Kila mtu wa Kapata anaijua sauti ile, tumekua nayo. Ni mwiko wa kupakia ukuta. Shaa. Unachota. Shaa. Unalainisha. Fundi hakuwa na haraka. Hakuna aliyepiga kelele mle ndani. Huguette alimwita mumewe mara kadhaa. Shaa. Akamwita tena. Shaa. Alipoanza kupiga mlango kwa viganja, ikanyamaza.

Wanaume wanne waliuvunja mlango. Nilikuwa wa tatu kuingia.

Chumba kile hakina mlango mwingine. Dirisha ni dogo, lina vyuma. Ukuta wa nyuma ulikuwa umefunguka kutoka juu mpaka chini, kwa ukingo mnyoofu, kama pazia lililosogezwa. Ndani ya nafasi ile alikuwa ameketi Mignonne. Magoti kifuani, kitenge chake cha Jumapili, misuko miwili iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amekauka mkavu, amekuwa mdogo. Mkono wa kulia ulikuwa umeinuliwa, kiganja wazi, kikielekea kwetu. Kucha zilikuwa zimekwisha.

Sakafuni palikuwa na mwiko, unang'aa kwa maji, na kasha, limefungwa.

Nkongolo hakuwepo.

Tulitafuta. Tuligonga kila ukuta, tulichimba sakafu, askari walipanda mpaka darini. Hapakuwa na nyayo vumbini zaidi ya zile zilizoingia.

Tulimzika Mignonne kama anavyozikwa mtoto wa watu. Kapata nzima ilikuja, Wakatoliki na Waprotestanti walipokezana nyimbo bila kugombana, jambo ambalo pengine ndilo la ajabu zaidi katika habari hii. Amadi alimbeba mwenyewe kwenye pikipiki yake, akakataa nauli tena. Mama Josée alilia. Alilia kwa sauti kubwa, kwa siku zote za matanga, kama mtu aliyenyimwa maji akakuta mto. Akanyolewa. Akapakwa mpemba. Haukupita muda naye akaenda, mchana, baada ya kula, kimya, kama mtu anayeshuka garini mahali alipotaka kushuka.

Vifo vyote viwili viliandikwa bila taabu. Kulikuwa na maiti.

Cha Nkongolo hakijaandikwa. Huguette amekwenda biro, amegonga mara moja, amengoja. Naibu aliyekalia kiti sasa amemweleza kwa upole. Kifo hakiandikwi bila maiti. Kupotea nako ni kugumu, kwa kuwa mashahidi wengi wenye heshima walimwona akiingia chumbani kwa miguu yake, na hakuna aliyemwona akitoka. Kwa sheria, basi, yumo. Akaambiwa akuye kesho.

Kigoda na kimeza alivichoma. Kasha halikushika moto, akalirudisha. Aliliweka barazani kwa Fidélie, akaomba kwa macho yaliyovimba kama angeweza kuifuta ile picha, hata kwa msasa, hata kwa shoka. Fidélie alisema atajaribu. Hajajaribu.

Lipo barazani hadi leo, Fidélie analiegemezea brashi zake. Msichana hayupo juu ya kifuniko. Yupo mwanamume wa suti, magoti yamekunjwa kifuani, kichwa kimebanwa chini kama mtu aliye ndani ya nafasi ndogo mno. Nishani ipo, kwenye kola. Fidélie hachori wanaume wenye tai. Muulize mteja yeyote. Jua la Kapata linapasua hata mbao, lakini kifuniko kile bado ni kibichi, na ukipitisha kidole, kinarudi na jasho. Ukikitazama leo na juma lijalo, mdomo hauko vilevile.

Jana mchana nilikuwa hapo, nimerudisha nyundo. Fidélie alikuwa akikwaruza kigoda kipya. Kasha liligonga. Mara moja, kwa adabu, kisha kikawa kimya cha mtu anayengoja.

Fidélie hakuinua macho.

"Mukuye kesho," akasema, akaendelea na kazi.